Namna ya Kuiua Filta kwa Usafi

Filta ya kamera haifi kwa uchafu. Vumbi linaweza kukaa juu yake tangu Idi mpaka Krismasi lisiifanye kitu, na chumvi ya bahari itamsubiri mwenyewe arudi nyumbani aioshe. Kinachoiua ni mkono wa mtu msafi. Mwongozo huu basi ni wa watu wasafi: wale ambao wakiona alama ya kidole kwenye kioo chakula hakishuki, wanaonunua filta mpya Kariakoo na kuanza kuifuta kabla hawajafika kituo cha mwendokasi. Fuata kila hatua kwa utii, na filta iliyokula kodi yako ya chumba itakuwa imepofuka kabla msimu wa harusi haujaisha.

Tuanze kwa kujua hiki kioo kimewekwa pale kwa kazi gani. Enzi za filamu, filta ya UV ilikuwa na ajira ya kueleweka. Filamu iliona miale ya urujuanimno ambayo jicho haliioni, na picha za mbali, hasa za milimani na baharini, zikatoka na ukungu wa bluu. Filta ikaizuia. Kamera za dijitali zina kioo chao cha kuizuia miale hiyo, kimekaa mbele ya kihisi tangu kiwandani. Kwa hiyo filta ya UV siku hizi ni mlinzi wa getini tu, ameajiriwa apigwe badala ya mwenye nyumba. Lakini mtu msafi anamnunulia mlinzi huyo pochi ya ngozi na kitambaa cha peke yake, kisha anakosa usingizi kwa kumhurumia. "Jamani, mlinzi ana vumbi!" Ndiyo kaka, ana vumbi. Yuko getini.

Sasa kazi. Hatua ya kwanza ni kufuta pakavu.

Vumbi lisipulizwe. Anayepuliza kwanza kwa ile pampu ndogo ya mpira anajinyima utamu wote, kwa sababu punje zinaruka na kwenda zake, na kitambaa kikifika hakikuti cha kusuguana nacho. Wewe vuta pindo la shati, bana kioo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, zungusha kwa nguvu. Tega sikio. Ukisikia kamlio kembamba, krr, krr, ujue kazi imeanza. Kwenye kipimo cha Mohs, ambacho wanajiolojia hukitumia kupanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, madini ya kwatzi yako kwenye 7. Kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Na kwatzi ndiyo iliyojaa kwenye mchanga wa mitoni na vumbi la barabara zetu. Unapofuta pakavu, basi, unachonga, na patasi umeikuta juu ya kioo bila kulipia.

Mpiga picha wa Paje au Nungwi atabisha hapa. Mchanga wao mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani kalsiamu kaboneti, ambayo ugumu wake ni 3 mpaka 4 tu. Ni laini kuliko kioo, atasema, na hajakosea. Ila begi lake limepanda boti kutoka Bara, limewekwa chini Coco Beach, limekalishwa juu ya kifusi kwenye uzinduzi wa ghorofa la mtu, na mle mifukoni mchanga wa nchi nzima umeshachanganyika bila ubaguzi. Tena kilichoko juu kabisa ya filta si kioo. Ni utando.

Utando huu ndio mali yenyewe, ndio unaotofautisha filta ya bei mbaya na kile kioo cha mezani wanachokupa kama zawadi ukinunua kamera. Kioo kitupu hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga kila upande, na kwa kuwa filta ina pande mbili, asilimia 8 inagoma kupita na kuanza kurandaranda, ikigeuza taa za jukwaani kuwa mizimu ya kijani inayoelea juu ya kichwa cha bibi harusi. Kwa hiyo kioo hupakwa madini kama magnesiamu floridi, kwa wembamba wa ajabu: utando mmoja una nanomita 100 hivi. Unywele wako una nanomita 70,000 hivi. Filta nzuri hupakwa tando kadhaa, moja juu ya nyingine, na mwanga unaorudi hushuka chini ya asilimia 1 kila upande.

Kuna kichekesho cha zamani humu. Mwaka 1886, Mwingereza Lord Rayleigh aligundua kuwa vioo vikuukuu, vilivyochujuka kwa kuliwa na hewa, vilipitisha mwanga mwingi kuliko vioo vipya vinavyometameta. Miaka ya 1890 mtengenezaji wa lenzi Dennis Taylor akaliona jambo hilohilo kwenye lenzi za zamani, akaanza kuvizeesha vioo makusudi kwa kemikali. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa Zeiss kule Jena, akapata namna ya kupaka utando ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na Wajerumani wakaifanya siri ya jeshi. Yaani ufundi wote huu umezaliwa na doa ambalo mtu aliliangalia badala ya kulifuta. Rayleigh angekuwa msafi kama sisi, leo tusingekuwa na utando wa kukwangua.

Kujua kama umefanikiwa kuukwangua ni rahisi. Simama chini ya taa, inamisha filta, tazama kivuli cha taa kwenye kioo. Utando mzima huionyesha taa hiyo ikiwa hafifu, na rangi ya kijani au ya zambarau. Pale ulipokwisha, taa inaonekana nyeupe na kali. Wasafi waliobobea wana duara jeupe katikati na pete ya zambarau pembeni, kwa sababu kidole hupenda katikati.

Ukichoka na pakavu, lowesha. Meza ya fundi simu ina kila kitu: tina, petroli, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, na kichupa kisicho na nembo ambacho fundi mwenyewe hukiita "dawa" na hana la kuongeza. Mimi napendekeza asetoni. Kioo chenyewe haikigusi, lakini rangi nyeusi ya ringi na plastiki yoyote iliyo jirani zitaitikia wito. Dawa ya vioo vya dirisha nayo inafaa, hasa ile yenye amonia, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya dirisha, na dirisha halina utando wala mwenye dirisha hapigi harusi. La kuzingatia ni kuimwaga moja kwa moja juu ya kioo. Ukiitia kwenye kitambaa kwanza, kama wafanyavyo waoga, inaishia palepale. Ukiimwaga juu ya kioo inateremka mpaka ukingoni, inapenya chini ya ringi, inakutana na grisi na jasho la miaka yote lililojificha mle, inaliyeyusha, na kitambaa kinapopita kinalirudisha lote katikati kwa mawimbi ya upinde wa mvua. Utafuta mpaka alfajiri.

Dawa ya meno inafanya kazi, usisikilize wanaokukatisha tamaa. Imewekewa unga wa chokaa au silika makusudi isugue. Ilikung'arishia taa za gari, ambazo ni plastiki. Hapa itakung'arishia hadi utando wa mwisho.

Kuna maji pia. Maji ya kisima ya Dar, yale ukichemshia chai unaionja chumvi kabla ya sukari, yanakauka na kuacha vidoa vyeupe vya mviringo ambavyo huwezi kuvitoa kwa kitambaa kikavu ila kwa kuvisugua, na kwa kuvisugua tunarudi kwenye hatua ya kwanza. Mzunguko mzuri sana huu.

Kwa kuwa mwongozo wa kweli humpa msomaji nafasi ya kumjua adui, nieleze kidogo wanavyofanya wavivu. Mvivu akirudi na filta yenye vumbi, anaigeuza iangalie chini, anapuliza kwa pampu ya mpira, punje zinadondoka. Zikibaki chache, anazipitishia brashi laini ambayo haijawahi kugusa ngozi ya mtu. Mara nyingi anaishia hapo, anafunga begi, analala. Kukiwa na mafuta ya kidole, anachukua kitambaa cha maikrofaiba, anakitia matone mawili matatu ya maji ya lenzi au ya alkoholi safi ya aisopropili, na anafuta taratibu kuanzia katikati kwenda nje, akigeuza upande wa kitambaa kila mzunguko ili asirudishe alichokiondoa. Shinikizo lake ni la mtu anayefuta jicho la mtoto. Akitoka baharini, hasa Paje wakati wa kusi, upepo unaporusha ule mvuke wa chumvi mpaka kwenye nyusi, hafuti kitu. Anaisuuza filta ya UV kwa maji safi yasiyo na chumvi, maana chumvi huyeyuka yenyewe bila kubembelezwa, ndipo anaikausha. Dakika chache, hakuna jasho. Filta zake zinafikisha miaka na bado zina zambarau yote. Mtu wa hovyo kabisa.

Turudi kwetu. Majaribu makubwa ya msafi hayako nyumbani, yako kwenye shughuli.

Bibi harusi amepambwa kwenye chumba cha hoteli, kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18 ili vipodozi visiyeyuke. Nje ni Machi, Dar es Salaam. MC anapiga kelele kwenye simu, magari yanawaka, mlango unafunguliwa, unatoka wa kwanza ili umpige anavyoteremka ngazi. Unanyanyua kamera na hakuna ngazi, hakuna bibi harusi, kuna weupe. Unyevu wote wa Bahari ya Hindi umeikimbilia filta yako ya baridi. Futa kwa shati. Kunaonekana sekunde mbili, weupe unarudi. Futa tena. Utarudi tena, kwa kuwa kioo bado ni baridi, na kitakuwa baridi hadi kitakapopata joto la pale kilipo, shati lisihusike. Mvivu aliifunga kamera ndani ya begi kule chumbani nusu saa kabla, akaliweka begi barazani lipate joto taratibu, na sasa amesimama pembeni anapiga picha kama hana shida duniani. Wewe endelea kufuta. Ndipo anapotokea mama wa bibi harusi.

"Mwanangu, mbona unahangaika hivyo? Lete nikufutie."

"Shikamoo mama. Aa, usijali mama, ni mvuke tu, utaondoka."

"Marahaba. Mvuke gani na mtoto ndiyo huyo anashuka? Lete hapa. Kwani kanga yangu ina nini?"

Kanga yake haina kitu kibaya. Ni sare mpya ya shughuli, haijaingia majini, bado ina ule ugumu wa dukani unaotoa unga ukiikunja. Pembe moja imeshafunika sahani ya pilau asubuhi. Na hakuna kijana aliyelelewa akalelewa anayeweza kumwambia mama wa bibi harusi, mbele ya mashangazi, kwamba kanga yake haifai. Unampa. Anaipulizia mvuke wa kinywa, haa, anaikandamiza kwa kidole gumba, anazungusha mara tatu, anakurudishia. "Haya, si unaona?" Unaona. Kuanzia saa hiyo hadi kukata keki, kila taa ya ukumbini itakuwa na shada lake la mafuta, na bwana harusi atasema umempiga kwa mtindo wa kimahaba.

Hapa naacha kejeli kwa sentensi moja: utando wa mafuta ni mbaya kuliko vumbi, kwa sababu vumbi huziba nukta, mafuta hutandaza mwanga kwenye picha nzima, na ukipiga kuelekea kwenye taa ndipo utalipa.

Filta ya polaraiza inastahili kifo chake maalumu. Ndiyo ile yenye ringi mbili, ya mbele inazunguka, na ukiizungusha mng'ao wa maji unaondoka mpaka ngalawa inaonekana imening'inia hewani juu ya kivuli chake. Siri yake ni karatasi laini iliyobanwa katikati ya vioo viwili. Karatasi za namna hiyo ndizo zilizomtajirisha Mmarekani Edwin Land, aliyeivumbua ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1920 na baadaye akaanzisha kampuni ya Polaroid. Neno la kulishika kwa makini ni "katikati". Filta ya UV ni kioo kimoja, inavumilia kuoshwa. Polaraiza ina ukingo ambao maji yanaweza kuupenya. Kwa hiyo iloweke. Beseni, sabuni ya unga, maji ya uvuguvugu, iache humo wakati unaangalia mpira. Maji yatatambaa kati ya vioo na kuanza kuviachanisha, na baada ya muda utaona pembeni maumbo yanayofanana na jani la mpapai, ambayo hakuna kitambaa kinachoyafikia kwa kuwa yako ndani.

Usipokuwa na beseni, tumia dashibodi. Gari likiegeshwa juani mchana, vioo vimefungwa, joto la dashibodi litaifanyia gundi kazi yote wakati wewe uko ndani unakula. Njia hii ni ya kistaarabu zaidi, hailoweshi mikono.

Sasa kuna doa. Kila msafi ana doa lake, na mimi namheshimu mtu kwa namna anavyolifukuza. Ni kidude cha kijivu, cha mviringo, kiko juu kulia, kinaonekana angani kwenye kila picha uliyopiga kwa f/16. Unavua filta, unaifuta, unairudisha, unapiga. Doa lipo. Unafuta kwa nguvu zaidi. Lipo. Unaanza kufuta na lenzi yenyewe, unafuta nyuma yake, unabadilisha kitambaa, unamtuma mdogo wako akanunue spiriti. Lipo palepale, juu kulia, linakuangalia.

Mvivu hufanya jaribio moja la kuudhi. Anazungusha filta robo duara na kupiga tena. Doa lisipohama, haliko kwenye filta. Anabadilisha lenzi, likibaki mahali pake, limekaa ndani ya kamera, kwenye kihisi. Na karibu siku zote liko huko, kwa sababu punje iliyo mbele ya lenzi imekaribia mno kuweza kuonekana wazi. Lenzi inaangalia mbali na punje inayeyuka kwenye picha bila kuacha umbo. Mikwaruzo midogo midogo nayo ni hivyohivyo. Ili punje ya mbele ionekane inabidi uisaidie: lenzi pana, tundu dogo la f/16 au f/22, jua limekukabili. Bila hayo unaweza kuwa na kijiji kizima cha vumbi juu ya filta na mteja akakusifia ukali wa picha. Ni habari inayomvunja moyo msafi kuliko zote, kwa hiyo ukiishaisoma isahau, endelea kufuta. Doa la kwenye kihisi lina furaha kubwa kuona filta ikifutwa.

Kuhusu kitambaa. Hicho cha maikrofaiba, ambacho nyuzi zake ni za poliesta na poliamidi zilizochanwa zikawa nyembamba kupita kiasi ili zinase mafuta, kina uwezo wa kukuharibia mipango kikitunzwa vizuri. Kiweke mfuko wa suruali, pamoja na funguo na sarafu. Kikianza kunuka, kifue na jinzi, ongeza dawa ya kulainisha nguo ili kiwe laini. Kilainishi kinazijaza zile nyuzi nta yake, na kuanzia siku hiyo kitambaa hakinasi mafuta, kinayagawa. Kianike kwenye kamba ya nje, upande wa barabara ya vumbi. Kisha kipige pasi ya moto. Poliesta itayeyuka kidogo na kuota vidonge vigumu ambavyo kioo kitavikumbuka. Wavivu wanakifua peke yake kwa sabuni kidogo, wanakianika ndani, wanakiweka kwenye mfuko wa plastiki unaofungika. Wanacho cha ziada, hata. Cha kwanza kikidondoka chini hawakiokoti kukitumia, wanafuta nacho viatu.

Itafika siku filta itakataa kutoka kwenye lenzi. Hili ni tunda la jitihada zako: imefutwa mara nyingi ikiwa imefungwa, na kila ulipofuta kwa kuzungusha uliikaza, ilhali mchanga uliokuwa ukingoni umeingia kwenye meno ya ringi. Sasa ikamate kwa vidole viwili, kwa pande mbili zinazotazamana, uminye kwa hasira zako zote. Ukiminya hivyo duara linakuwa yai, na yai haliwezi kuzunguka ndani ya duara, kwa hiyo kadiri unavyominya ndivyo linavyong'ang'ania. Isipotoka lete koleo. Koleo litaacha alama mbili za meno kwenye ringi, na kwa bahati nzuri moja kwenye lenzi.

Nilimwona fundi mmoja wa kamera, mzee wa watu, akiitoa filta ya namna hiyo mbele ya mwenye nayo aliyekuwa ameshatokwa jasho. Hakuifungua hata droo ya vyuma. Alivua ndala yake, akaipangusa soli kwa tambara mpaka akaridhika, akaiweka soli bapa juu ya ringi nzima, akakandamiza kidogo tu kwa kiganja, akazungusha kinyume na saa. Filta ikaja na ndala. Mpira ulikuwa umeishika ringi kote kwa wakati mmoja, haukuwa na nafasi ya kuigeuza yai. Mwenye filta aliuliza bei. Mzee akamwambia, "Ya nini mwanangu, ndala si yangu?" Vitendo kama hivi vinaua biashara ya koleo na mwongozo huu haupendekezi. Raba bendi pana ikizungushwa kwenye ringi huharibu mambo vilevile.

Na ikiwa filta imedondoka ikapasuka ikiwa bado kwenye lenzi, pandisha uso wa lenzi juu ili vipande vyote viangukie kwenye kioo cha lenzi, halafu uvisogeze kwa kitambaa. Mvivu huielekeza lenzi chini na kuitikisa kwa upole, vipande vinadondoka sakafuni ambako havina cha kukwaruza isipokuwa vigae.

Kuhifadhi nisichelewe nako. Ukanda wa pwani unyevu wa hewa hushinda asilimia 70 na zaidi, na kuvu la lenzi hustawi kuanzia kwenye 60 na kitu. Lipe giza na hewa isiyotembea: sanduku la ngozi, chini ya kitanda, ukuta unaovuja. Litaota nyuzi nyeupe zinazosambaa kama ramani ya mto Rufiji, na asidi yake itachora kioo chenyewe, sehemu ambayo hata dawa ya meno haikufika. Ukiambiwa kausha kwa mchele, kausha. Unga wa mchele utapata makazi kwenye kila mfereji wa ringi. Usije tu ukakusanya vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, ukavitia kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na kipimo cha unyevu, ukaacha mshale usimame kati ya 40 na 50. Ukifanya hivyo kuvu litalala na kiu na utakuwa umejirudisha nyuma sana.

Kazi ikishakamilika, filta iuze. Tangazo liwe fupi: imetumika kidogo, safi kabisa, inafutwa kila siku. Picha ya tangazo ipigie kwenye kivuli, ukiwa umeielekeza filta mahali pasipo na taa, na uitazame moja kwa moja badala ya pembeni. Mnunuzi akikuuliza kwa nini katikati ni nyeupe na pembeni zambarau, mwambie ndivyo zinavyotoka kiwandani zile za bei. Na picha hiyo ipige kwa simu. Kwa kamera yako haitatoka.